Kazi Mpya Isiachwe Nje ya Mkataba

Septemba 2023 Serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ikawakabidhi mikoba ya vifaa na ahadi ya posho. Kazi ni ya umma; jina, eti, ni la kujitolea. Hapo ndipo penye hila. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 humpa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama, na chama haki ya kujadiliana na mwajiri. Lakini kada isiyotajwa ndani ya mkataba wa pamoja inaweza kuachwa nje ya ulinzi wake. Chama cha watumishi wa serikali, kilichofutwa 1980 kikarejeshwa 2001, kinaujua uchungu wa kufungiwa mlango. Vyama vya wahudumu wa afya vidai kada hii iandikwe sasa, kabla kaunti hazijazoea jasho la bure.