Figo ya marehemu mwenye virusi vya SIDA: kile wengine walitupa, Cape Town ilikichukua

Mugonjwa ambaye mafigo yake yamekufa ana njia mbili: mashini ya kusafisha damu, mara nyingi mara tatu kwa juma, ao figo ya mutu mwingine. Hapa mashariki mwa Kongo, mwenye makuta anavuka mupaka. Kigali, hospitali King Faisal ilianza kupandikiza figo mwaka 2023. Kampala, Mulago ilifuata mwaka ule ule. Huko walianza na figo za watu wazima, wenye kujitolea wakingali hai. Afrika ya Kusini, wao wanachukua pia figo za marehemu, na swali linakuwa kali: figo gani inafaa, na gani ni ya kutupa?

Mutu ubongo wake ukikufa kabisa na moyo ungali unapiga sababu ya mashini, wanganga wanaomba jamaa ruhusa. Kisha wanachunguza. Alikuwa na miaka ngapi? Alikuwa na tansio ao sukari? Figo zake zilikuwa zinachuja vizuri? Damu yake inapatana na ya mwenye kupokea? Figo itakaa saa ngapi kwenye baridi? Kila jibu baya linaweza kupunguza miaka ya figo ndani ya mwili mupya.

Zamani, virusi vya SIDA vilikuwa jibu la kufunga mulango, hata kwa mugonjwa mwenyewe. Katika hospitali za serkali nafasi za mashini zilikuwa kidogo, zikawekwa kwa wale wanaoweza kupandikizwa. Mwenye virusi alirudishwa nyumbani, ni kusema kungojea kifo.

Mwaka 2008, kwenye hospitali Groote Schuur ya Cape Town, munganga mupasuaji Elmi Muller alianza kupandikiza figo za marehemu wenye virusi kwa wagonjwa wenye virusi. Hakuchukua figo yoyote. Marehemu asiwe ametumia dawa ya SIDA, ao awe alitumia ile ya mustari wa kwanza tu, kusudi asimuachie mugonjwa virusi vyenye kushinda dawa. Mugonjwa naye alipaswa kuwa na virusi vilivyotulizwa na dawa.

Matokeo yalitoka mwaka 2015, juu ya wagonjwa 27. Kisha miaka 5, asilimia 74 walikuwa wangali wazima. Kwa upande wa figo zenyewe, asilimia 84 hazikupotea. Tusidanganyane: wengine walikufa, na mara kwa mara mwili ulipigana na figo. Lakini virusi vilibaki chini, na wale watu mbele ya hapo hawakuwa na nafasi hata moja.

Marekani ilibadilisha sheria yake mwaka 2013 ili kufanya majaribio. Mwaka 2024, uchunguzi mukubwa ulionyesha kwamba figo za marehemu wenye virusi na za wasio na virusi zinadumu karibu sawasawa, na serkali ikaruhusu kazi hiyo nje ya majaribio.

Fundisho kwetu ni gani? Kuchagua figo si kutafuta ile isiyo na kasoro. Ni kupima hatari ya figo hii na hatari ya kuendelea kungojea. Kama jamaa yako anakwenda kupandikizwa inchi ya kigeni, uliza: figo inatoka kwa nani, ilichunguzwa namna gani, na dawa za kuilinda, ambazo atameza kila siku, atazipata wapi akirudi? Pasipo majibu hayo, hata figo nzuri sana haitadumu.