Lori la kukodi: deni kwa mmoja, matumizi tu kwa mwingine

Kampuni mbili za uchukuzi, moja ya Nairobi na nyingine ya Kampala, zimekodi malori kumi kila moja kwa miaka mitano, kwa masharti yale yale. Hesabu zao zinaweza kutofautiana sana, na hakuna aliyedanganya.

Chini ya IAS 17, mkodi alijiuliza kama faida na hatari za kumiliki mali zimehamia kwake. Zikihamia, mali na deni viliingia kwenye mizania. Zisipohamia, malipo yaliandikwa kuwa matumizi ya mwaka, na ahadi ya miaka iliyobaki ikafichwa kwenye maelezo ya kurasa za nyuma, ambako wasomaji wengi hawafiki.

Tangu Januari 1, 2019, IFRS 16 imemwondolea mkodi mgawanyo huo. Karibu kila mkataba unaingia kwenye mizania, isipokuwa wa miezi 12 au pungufu na wa vitu vya thamani ndogo. Mwenye mali bado anagawanya kama zamani.

Lakini viwango vya IFRS vya kampuni ndogo na za kati vimebaki na utaratibu ule wa awali. Kampuni ya Nairobi ikitumia IFRS kamili itaonekana imelemewa na madeni. Ya Kampala, ikitumia vile vya kampuni ndogo, itaonekana nyepesi.

Ofisa wa mikopo akilinganisha madeni yao kwa macho tu, atamnyima mmoja na kumpa mwenzake mwenye mzigo ule ule. Afungue kwanza ukurasa wa sera za uhasibu, kisha ajumlishe mwenyewe malipo yaliyobaki kwenye mikataba.