Zamu ya Alfajiri na Swali la Wito



Hapa Kongolo wamo wenzenu waliomaliza masomo ya uuguzi, ambao sasa huamka saa kumi na nusu, giza likingali zito juu ya Lualaba, wapate kupokea zamu. Mmoja wao alitujia baada ya Misa. «Mwalimu, kila alfajiri natamani kuacha. Je, wito wangu ulikuwa wa uongo?»

Sisi makatekista hujibu upesi mno: sali, vumilia. Ndivyo tulivyomjibu, na akaenda zake vilevile alivyokuja. Mwili ulionyimwa usingizi husema kwa sauti ya shaka. Tusiuhukumu kwa kukosa imani.

Mwaka 2000, Ebola ilipoingia Gulu, Uganda, wauguzi wa hospitali ya Lacor waliwaona wenzao wakifa, wakataka kuondoka. Daktari Matthew Lukwiya alikutana nao, akawasikiliza, akasema anayetaka kwenda yuko huru, bali yeye atabaki. Wauguzi wakaendelea na kazi. Yeye aliugua, akafariki tarehe 5 Desemba.

Hatumtaji ili kumwaibisha anayesitasita. Wauguzi wengi wa serikali nchini mwetu hutumika miaka bila mshahara. Kulidai deni hilo ni haki, si dhambi. Nanyi wanakwaya, mazoezi yakichelewa, mwacheni mwenye zamu aende kulala, msimnung'unikie.

Binti yule angali kazini. Juma lililopita tulimwuliza kwanza habari za usingizi wake, ndipo tukazungumza juu ya wito.