Saanane, kisiwa cha mawe
Kisiwa cha Saanane kimo katika Ghuba ya Mwanza, mwendo mfupi wa boti kutoka mjini. Ni majabali ya granaiti yaliyorundikana, na miti imeshika kila penye udongo. Pimbi wamejaa kwenye nyufa, na juu ya mawe yenye joto mijusi wa kichwa chekundu huota jua. Kijiji hakuna. Mzee Saanane Chawandi, aliyekiachia jina, alilima na kuvua hapa kabla Serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa ya kilometa za mraba 2.18 tu, pamoja na maji yanayokizunguka, ambayo yanastahili ulinzi uleule kwa kuwa samaki huzaliana humo.