Kura moja kati ya sita

Ibara ya 16 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake akichukua wa nchi nyingine. Mwenye pasipoti mbili anayeishi wadi ya Matsangoni, Kilifi, na kuandikishwa hapo hupiga kura zote sita, kuanzia rais hadi mwakilishi wa wadi. Anachozuiwa, kwa ibara ya 78, ni kushika wadhifa wa afisa wa dola.

Kijana wa Matsangoni aliyekwenda Ghuba kufanya kazi, mwenye pasipoti ya Kenya peke yake, ana haki finyu zaidi. Mwaka 2022 vituo vya kura vya nje vilikuwa katika nchi 12, zikiwemo Qatar na Falme za Kiarabu, na kura iliyopigwa huko ilikuwa ya rais tu. Saudi Arabia na Oman, waliko Wapwani wengi, hazikuwemo. Pesa zake zinalipa karo na kuezeka nyumba wadini, lakini gavana na mbunge huchaguliwa bila yeye. Hilo si haki, hata kama ibara ya 82 inataka uandikishaji wa walio nje uendelee hatua kwa hatua.

Wapemba wa Kilifi na Kwale, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, walinyimwa zaidi. Vizazi vyao vilivua bahari ya huko bila kitambulisho, kwa hiyo bila kura yoyote, mpaka serikali ilipowatambua rasmi kuwa raia mwaka 2023.