Pumzi Haijaisha

Hapa Kidichi, Unguja, mzee akishika zumari na sauti ikaanza kutetemeka, hukumu haichelewi: mapafu yamechoka, awaachie vijana. Anayemhurumia zaidi humshauri apulize taratibu asijichoshe. Yote mawili husemwa kwa mapenzi, na yote mawili si kweli. Hilo la pili ndilo linalomdhuru.

Mapafu hupungua nguvu, sibishi. Mtu akishapita miaka thelathini na kitu, hewa anayoweza kuitoa kwa kishindo katika sekunde moja hupungua kwa takriban mililita 30 kila mwaka, hata kama hajawahi kuvuta sigara. Lakini mwenye afya bado anabaki na lita kadhaa kifuani, na zumari haili hewa nyingi. Upenyo wa jani lake, lile la kupulizia mdomoni, ni mwembamba mno. Wapigaji wa oboe, ndugu wa zumari huko Ulaya, husumbuliwa na kinyume chake: wimbo unafika kituo huku kifua kimejaa hewa iliyokwisha kazi, haina pa kutokea. Mpigaji wetu naye hujaza mashavu, akasukuma hewa ya mashavuni huku akivuta nyingine puani, ili wimbo usikatike. Ala inayopigwa hivyo ndiyo ya mwisho kudai kifua kipana.

Inachodai ni msukumo usioyumba. Jani halilii sawasawa mpaka msukumo ufike kiwango fulani. Chini ya hapo linashika, linaachia, linashika tena. Anayeambiwa apulize taratibu anawekwa hapo hapo, mahali ambapo sauti haijaamua kuwapo. Kisha tunasema ni uzee! Mara nyingi jani lenyewe ni gumu, lilichaguliwa kwa misuli ya miaka ishirini iliyopita. Atafute jani jepesi zaidi, apulize kwa ukamilifu.

Akitaka kujua tetemeko linatoka wapi, achukue mrija na bilauri ya maji, apulize mapovu bila kusita. Mapovu yakienda kwa mafungu, shida iko kwenye pumzi, na zoezi hilo hilo ni sehemu ya dawa. Yakitoka sawasawa na zumari bado inayumba, alaumu jani au midomo.

Nai, filimbi ya mwanzi ya taarabu, ina habari nyingine. Haina jani, hula hewa zaidi, na midomo ndiyo inayoielekeza hewa kwenye ukingo wa mwanzi. Kidichi, ambako Sultani Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu, inafaa kukumbuka kwamba Waajemi huishika nai kwa meno ya mbele. Wapigaji wetu wa taarabu hufuata njia ya Kiarabu, ya midomo. Hata hivyo midomo nayo imeegemea meno. Pengo la mbele, au meno ya bandia yanayocheza, huitikisa sauti hata ya mtu mwenye kifua cha mzamiaji.

Wapo watakaonitajia Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu aliyefariki Bububu, jirani hapa, Aprili 2013, akiwa ameimba mpaka uzeeni kabisa. Simtumii kama ushahidi. Mtu wa ajabu hathibitishi kitu kuhusu watu wa kawaida, na mzee wa kawaida ana hoja ya kutosha bila yeye.

Yapo matetemeko ya kweli ya mwili. Mikono, kichwa, hata taya huweza kutikisika kwa maradhi ya neva, na hayo hayaondoki kwa mrija. Lakini hata hapa uzee husingiziwa: dawa ya pumu ya kuvuta, salbutamol, inajulikana kwa kutetemesha mikono, na kahawa nyingi nayo huongeza. Kwa hiyo mpigaji asiache dawa kwa uamuzi wake; amweleze daktari ni kiungo gani kinachotikisika, na saa ngapi baada ya kuitumia. Na kwa kuwa meno nayo huitikisa sauti, siku ya kutengenezewa meno ya bandia aende na ala yake, ayajaribu akiwa bado kwenye kiti.