Mwenye Basi Akiondoka, Abiria Wanabaki

Upo wimbo mmoja unaoimbwa kila mahali: fungueni soko, mwacheni mwenye mtaji wa nje aje aendeshe mabasi na treni zenu, nanyi mtasafiri raha mustarehe. Wimbo huu si mpya. Tumtazame mmoja aliyeucheza kweli kweli, tuone mambo yalikwendaje.

Kampuni ya Stagecoach ilianzishwa Perth, Scotland, mwaka 1980, na Brian Souter na dada yake Ann Gloag. Mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilifungua safari za mabasi ya masafa marefu, na mwaka 1986 ikafungua mabasi ya mijini, isipokuwa London. Mwenye basi akachagua njia yake na nauli yake mwenyewe. Jamaa hawa walijua kuitumia ruhusa hiyo. Mwaka 1994, katika mji wa Darlington, walichukua madereva wa kampuni iliyokuwa mali ya halmashauri ya mji, wakabeba watu bure, hata kampuni ile ikaanguka. Tume ya serikali ililaani tendo hilo mwaka 1995. Lakini kulaani si kurudisha. Mabasi ya wenyeji yalikuwa yamekwisha kufa.

Wakatoka nje pia. Malawi mwaka 1989, Kenya 1991, New Zealand 1992, Sweden 1996, Marekani na Hong Kong 1999. Nairobi ndipo penye kisa. Kenya Bus ilikuwapo tangu 1934, na halmashauri ya jiji ilikuwa na robo ya hisa. Lakini tangu mwaka 1973, Mzee Kenyatta alipoziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalum, barabara ilikuwa wazi kuliko hata ile ya Uingereza. Matatu haikungoja ratiba. Ilijaa, ikaondoka, ikamwachia basi kubwa vituo vitupu na njia zisizo na faida. Mkuki kwa nguruwe! Yule aliyewanyang'anya wenzake abiria kule Darlington, hapa abiria wake walichukuliwa mbele ya macho yake. Mwaka 1997 akauza Malawi, mwaka 1998 akauza Kenya, akaenda zake. Yeye alikuwa na pa kwenda. Mama anayetoka Kayole alfajiri kwenda sokoni angekwenda wapi?

Na reli je? Mwaka 1996 Stagecoach ilipewa treni za kusini-magharibi ya Uingereza. Ikapunguza madereva kupita kiasi, na mwanzoni mwa 1997 safari nyingi zikafutwa kwa kukosa watu wa kuziendesha. Baadaye, pamoja na Virgin, iliahidi kuilipa serikali fedha nyingi kwa njia ya London kwenda Edinburgh. Mapato hayakufikia ahadi, na Juni 2018 serikali ikaichukua njia hiyo.

Sisi Watanzania tunalo kovu letu. Mwaka 2007 reli yetu ilikodishwa kwa RITES ya India kwa miaka 25, ikapewa asilimia 51 ya hisa. Mkataba haukufika hata miaka mitano. (Na RITES yenyewe, kumbe, ni mali ya serikali ya India!)

Wala tusidanganyane kwamba cha serikali ni kizuri kwa kuwa ni cha serikali. Aliyening'inia mlangoni mwa basi la UDA anajua. Hatusemi mgeni asije. Tunasema kabla hajaja tumwulize: siku ukiondoka, mabasi ni ya nani? Karakana ni ya nani? Uwanja wa kulaza magari ni wa nani? Mishahara ya madereva imewekewa dhamana wapi? Nani anapanga nauli, na nani analazimika kupeleka basi mtaa usio na faida? Majibu hayo yaandikwe katika mkataba, na mkataba usomwe na wananchi, usifungiwe kabatini.

Leo Stagecoach yenyewe imenunuliwa: tangu 2022 ni ya mfuko wa DWS wa Ujerumani. Na huko Manchester, kati ya Septemba 2023 na Januari 2025, serikali ya jimbo imeyarudisha mabasi mikononi mwake. Sasa njia na nauli inapanga yenyewe, na Stagecoach ni mmoja wa makandarasi wanaolipwa kuendesha. Kama wao wameweza kumwambia hivyo nyumbani kwake, wakubwa wetu wanaoshika kalamu za mikataba wanaogopa nini?